Siku Tuliyotwanga Kinu Kitupu

Pengo la meno yangu ya mbele lilikuwa halijajaa nilipojua kwamba kinu hakitwangwi kitupu. Bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe, jambo hilo alilisema mara moja tu. Ukigonga mchi kwenye kinu kisicho na kitu, mama yako atakufa. Alilisema kwa sauti ile ile ya kusema funika chungu, nasi tuliamini kama tulivyoamini kwamba moto unaunguza.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, kwenye nyumba za matofali ya saruji zilizofanana zote, kwa kuwa kule kwetu kulitakiwa kwa kazi ya gesi. Kinu kilikuwa kati ya vitu vichache ambavyo bibi alikataa katakata kuviacha.

Siku ninayoisema, mama alikuwa vila, yaani Palma mjini, amekwenda kumtazama mdogo wake aliyejifungua. Nyumbani tulibaki bibi, mimi, na mdogo wangu Saidi, ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Mchana ikaja milio kutoka upande wa vila. Mwanzo nilidhani wanapasua mawe ya barabara. Kisha nikaona majirani wanabeba watoto na magodoro, nikajua ni bunduki, ni wale. Hatukuwa tukiwataja kwa jina, hao waliokuwa wakivamia na kuchoma vijiji. Tulisema wale, basi.

Saidi alipiga mayowe. Aliziba masikio, akajikojolea, akawa anagonga kichwa ukutani kila mlio unapokuja. Bibi alimkumbatia, akamsomea, akampulizia, mtoto hasikii. Basi akakiburuta kinu mpaka ndani, akanipa mchi.

“Twanga.”

“Bibi, hamna kitu.”

“Nimeona. Twanga.”

“Na mama?”

Alichukua mchi wa pili, akaiweka mikono ya Saidi ndani ya mikono yake, akagonga. “Wakipiga wao, na sisi tunapiga,” akamwambia sikioni. Nami nikatwanga huku nalia, maana nilijua ninachokifanya.

Jirani yetu, mzee Mfaume, alichungulia mlangoni na furushi kichwani. “Bi Somoe, mnatwanga nini saa hizi? Watu wanakimbia!”

“Kimbia, baba. Mguu wangu huu haufiki popote.”

Tulitwanga mpaka viganja vyangu vikatoka malengelenge, mpaka Saidi akaacha kulia, akawa anausubiri mlio ili naye aujibu. Wale hawakufika kwetu siku ile.

Waliofika ni watu wa vila, makundi kwa makundi, wengine bila viatu. Kila aliyepita, bibi alimuuliza habari za mama. Mmoja alisema alimwona akiingia porini, njia ya Pundanhar. Mwingine alisema walioingia huko hawajatoka. Mimi sikuuliza mtu. Jibu nilikuwa nalo.

Kwa hiyo mama alipotokea asubuhi moja, akija polepole kutoka barabarani, amekonda, kajifunga kanga isiyo yake, sauti imemkauka, nilikimbia nikaingia uvunguni mwa kitanda. Miguu yake ameifunga matambara. Tulifundishwa kwamba jini akija na sura ya mtu, mtazame miguu, ana kwato. Na huyu miguu kaificha.

“Njoo, mwanangu,” akaita. Bibi akataka kunivuta. “Mwache, mama,” mama akamwambia, akajilaza pale pale mkekani, akalala kama mtu aliyeangushwa.

Kesho yake alinipa uji, sikuupokea. Alinitazama kwa macho ya mtu asiye na nafasi ya huzuni nyingine. Saidi ndiye aliyesema.

“Dada anasema wewe umekufa. Tulitwanga kinu kitupu.”

Mama akamgeukia bibi.

“Mimi ndiye niliyewaambia watwange,” bibi akasema.

Mama hakugomba. Alifungua matambara taratibu, akaninyooshea mguu. Nyayo zimechanika, vidole vimevimba, ukucha mmoja umeng'oka. Vidole vya mtu. Akanieleza kwamba mdogo wake na kichanga wamevuka mto wa mpakani kule Namoto, wako salama, naye amerudi kwa ajili yetu. Nilisikia yote, lakini sikusogea. Ndipo akainuka, akashika mchi.

“Mama, sogea hapa, mtoto akuone.”

Bibi akavuta mkeka, akakaa karibu na kinu, akaunyoosha mguu wake mbovu. “Twanga, mwanangu. Nikifa leo nitapumzika.”

Mama akatwanga kinu kitupu. Bibi akachambua matembele yake kama vile hakuna linalotokea. Asubuhi ile yote nilimkodolea macho; akienda chooni, namfuata.

“Unanitazama nini, mke mwenzangu? Ningali hapa,” bibi akanitania.

Alasiri nilipasha maji, nikatia chumvi, nikamwosha mama miguu.

Sisemi mambo yalikwisha vizuri. Saidi aliendelea kukojoa kitandani mpaka akawa mkubwa wa kuona haya. Mama hakukanyaga tena vila. Nami siku hizi nakaa na watoto wa mtaani kwetu chini ya bati la madrasa, baadhi yao wamekimbia bunduki wakaja bila mtu mzima. Watu wa mjini wametufundisha tuwape karatasi wachore. Wanachora bunduki. Kuna siku narudi nyumbani sitaki kusemeshwa.

Bibi ameshafariki, Mungu amrehemu. Lakini kabla ya hapo, nikiwa msichana mkubwa, tulikuwa tunamenya mihogo nikamuuliza kama kweli aliamini ile habari ya kinu. Nilitegemea acheke.

“Naamini mpaka leo,” akasema. “Mama yenu alipokuwa akitwanga, nilikuwa natoa shahada moyoni.”

“Na siku ya bunduki? Ulitutwangisha, na mama yuko kule kule?”

Kisu kilisimama mkononi mwake.

“Mama yenu nilikuwa simwoni,” akasema. “Saidi nilikuwa namwona.”

Miaka yote nilidhani siku ile imani yake aliitupa, kama mtu atupavyo mzigo anapokimbia. Kumbe aliibeba yote, na ndani yake akachagua. Sijui mimi ningechagua nini. Wazazi huja kuniuliza wamfanyeje mtoto anayeshtuka kila mlango ukigongwa, nami dawa sina. Nawaambia wakae anapoweza kuwaona. Wengine huondoka wamekasirika, nami siwalaumu.