Mwalimu na Antena Yake Kituoni Kakuma

Juma lililopita nilikuwa kaunta ya polisi Kakuma, kuripoti kitambulisho kilichopotea. Askari wakamleta mwalimu wa fizikia, mama Mkongo wa kambini, pamoja na redio ndogo na antena aliyoiunda kwa mabomba ya alumini.

"Hii ni ya kuongea na watu wa Nadapal, kule mpakani!" mkubwa wao akafoka. "Mwekeni ndani."

"Haisemake kitu, afande. Inasikiaka tu satelaiti," mama akajibu. Akatazama saa yake. "Dakika tatu, moja itatokea upande wa Todonyang."

Mkubwa akataka kushuhudia, sote tukatoka nje hadi uani. Mama akaielekeza antena huko kaskazini mashariki, redio ikikoroma tu. Ghafla mluzi mwembamba ukasikika. Akawa anaufuata polepole, mkono ukipanda angani.

"Sasa inatupita. Sauti itashuka, kama honi ya gari yenye kukupita."

Ikashuka kweli. Askari mmoja akavua kofia. Mkubwa akaisogelea antena.

"Itarudi saa ngapi?"

"Saa kumi, afande."

"Nenda nyumbani, mwalimu. Saa kumi uje, na wengine wasikie."

Hadi leo mwili unanisisimka: mwalimu alibakiza dakika tatu alale selo kwa kosa la kusikiliza.