Kurwa na Doto, Magitaa ya Kilole

Niliondoka Handeni kwa sababu nilikuwa nimeliua gitaa la kwaya. Ni mimi niliyelichagua, galatoni kuukuu, yaani gitaa kavu la nyuzi kumi na mbili, sauti tamu ajabu, na mvuto wa nyuzi zile ukaikunja shingo yake kabla ya Pasaka. Mwenyekiti wetu, Mzee Yona, akanipa nafasi moja. "Ukileta jingine likajikunja, tutabaki na kinanda. Wewe utaimba besi na wenzako." Na mimi, jamani, kuimba siwezi kabisa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Korogwe. Fundi mmoja wa Tanga alikuwa amenielekeza kwa simu: "Kiwanda cha galatoni mwanzoni hakikuweka chuma ndani ya shingo. Matoleo ya baadaye ndiyo yana chuma, nayo hayajikunji. Utayajua kwa kifuniko kidogo pale kichwani, kimefungwa kwa skrubu." Nilirudia maneno hayo hadi Sindeni, abiria wa jirani akadhani nasali.

Saa mbili na nusu nilishuka stendi ya Korogwe. Bodaboda ikanifikisha Kilole kwa Mama Neema, mjane wa seremala aliyeacha magitaa mawili ya aina ileile, sasa anayauza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ulitangulia kupiga simu, chagua kwanza. Linalobaki ni la mtu wa Moshi, anafika saa sita."

Akayalaza kitandani. Yote mawili yalikuwa na kifuniko!

"Huyu Kurwa, huyu Doto," mama akasema. "Marehemu aliyapenda hayo! Akayapaka rangi moja, akayafunga vifuniko vya sare. Mapacha utawavishaje tofauti?"

Alama yangu ikawa imefutika. Nikabaki na akili ya kila mtu: Kurwa ndiye hutangulia kuzaliwa, kwa hiyo Kurwa ndiye toleo la zamani. Nikamshika Doto. Lo, sauti yake ilinisisimua mwili mzima! Nikaanza kukaza nyuzi, mmoja mmoja, kila uzi nikiungoja dakika kumi, masikio kwenye shingo. Kwenye uzi wa kumi mbao ikalia, kwii. Nikaacha kukaza. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo.

"Mama, una bisibisi?"

"Hee! Unataka kumpasua mwanangu?" Lakini akaileta.

Skrubu moja ikaniponyoka, ikaanguka chini ya kitanda. Chini ya kifuniko cha Doto palikuwa na mbao tupu. Nikafungua cha Kurwa: chuma hicho, ndani ya tundu lake.

"Mama, Kurwa si ndiye mkubwa?"

"Mkubwa wa hapa nyumbani. Yeye aliingia kwanza. Doto alikuja baadaye sana, tena ameshazeeka huko alikotoka." Akaitazama ile mbao tupu. "Kumbe kuvishwa tu."

Nikamlegeza Doto nyuzi zote, nikamchukua Kurwa. Sauti yake nzito, haina utamu ule, na roho iliniuma kweli.

"Sasa huyo wa Moshi nimwambieje?" mama akauliza. Niliaga harakaharaka, uso chini.

Basi la saa saba lilinirudisha. Kila tuta nilipapasa shingo ya Kurwa. Handeni nilikaza nyuzi zote kumi na mbili mbele ya Mzee Yona, na kesho yake asubuhi akaja na rula. Akailaza shingoni, akainama, akafumba jicho moja.

"Imenyooka," akasema. "Jumapili utapiga."

Nililia, wala sioni aibu kusema.

Safari ile ilinifunza kwamba ukiambiwa huyu ni mkubwa, uliza mkubwa kwa lipi. Nilidhani ni hilo tu, mpaka Mama Neema aliponipigia simu jioni ile. Alikuwa amemwambia mtu wa Moshi ukweli, naye akaondoka mikono mitupu.

"Doto amebaki peke yake," akasema. "Hizo nyuzi kumi na mbili zikikazwa zitamuumiza. Anaweza kubeba ngapi?"

"Sita, mama. Sita anabeba bila shida."

"Basi njoo umtoe hizo nyingine. Pacha wake umemchukua wewe, mzigo mpunguzie wewe."

Jumatatu nikarudi Kilole.