Karatasi Chini ya Mkeka wa Mwali

Mafuta ya nazi yakichacha kidogo tu, mimi hutoka jikoni. Wajukuu hunicheka, eti bibi ana maringo. Waacheni wacheke. Mafuta hayo ndiyo niliyopakwa miezi minane nikiwa mwali ndani, kwetu Kisarawe, enzi za Mwingereza, na mpaka leo nikiyanusa najiona nimefungiwa upya.

Nilikuwa darasa la tatu. Siku hiyo narudi shule, nakuta vigelegele uani. Bibi, aliyenilea, alikuwa akiwatangazia majirani kwamba nimevunja ungo. Jamani! Mimi nilijua sijavunja ungo wala kikombe. Nilipofungua mdomo niseme, Bibi akanifinya mkono na kunisukuma chumbani.

Basi nikaanza kumshuku. Babu alikuwa amefariki juzijuzi tu, na mdogo wake, Babu Sefu, alikuwa haishi kuja na kanzu yake nyeupe, mpole, salamu nyingi. Nikasema moyoni, hawa wameshanipatia mume. Kungwi akija kunifunda nilimtazama kwa jicho la pembeni. Wali ukinona kuliko kawaida, nilijua posa imefika, nikaususa.

Siku ya tatu, au ya nne, nikijigeuza kwenye mkeka, nikasikia kitu kinachakacha chini. Nikafunua. Ilikuwa karatasi yenye muhuri wa bomani. Niliisoma taratibu: Babu alikuwa amemwandikia Bibi shamba la minazi, lile la njia ya Mlandizi. Bibi mwenyewe hakujua kusoma. Wasiwasi ukanizidi. Kitu cha halali kinafichiwa nini?

Jibu lilikuja mchana mmoja. Babu Sefu alipekua nyumba nzima, sanduku, dari, hata kapu la unga. Nilimsikia akisema, "Shemeji, mwanamke na karatasi wapi na wapi? Nipe nikutunzie." Kisha nyayo zake zikasimama mlangoni kwangu.

"Ingia, shemeji," Bibi akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Ingia umwone mwali. Kesho wanawake tutakuimba ngomani."

Nyayo zikarudi zilikotoka.

Shauri la Babu Sefu kulidai shamba liliposikilizwa kwa liwali, Bibi aliichomoa karatasi kifuani, na shamba likabaki lake. Ndipo nami nikatolewa nje. Nafasi yangu shuleni ilikuwa imekwenda, na wachumba wakaanza kuja kweli, maana mwali akishatangazwa harudi kuwa mtoto. Nilimnunia Bibi miaka. Nilikuwa na uchungu naye, sifichi.

Nilikuwa mtu mzima, mjane kama yeye, nilipoelewa. Katika nyumba ile mlango mmoja tu ndio ambao mwanamume hakuthubutu kuuvuka, na ili mlango huo uwepo ilibidi msichana afungiwe ndani yake. Bibi hakuwa na msichana mwingine. Nilimsamehe? Nusu. Shamba limenilisha mimi na wanangu.

Siku ya kuliandikisha kwa jina langu, karani hakuniuliza kitu, alinisogezea wino wa dole gumba. Nikamwambia anipe kalamu. Nikaandika jina langu polepole, herufi kubwa za mviringo, mwandiko uleule wa mtoto wa darasa la tatu.