Mimba Aliyoificha Mwantumu

Mwantumu, kibarua wa mashamba ya mpunga Chekereni, alimzika mwanawe wa kwanza, aliyekufa mchanga kwa pepopunda, mwili umekakamaa, taya zimebana, kunyonya hawezi. Basi mimba ya pili akaificha isipigwe jicho la watu. Hata kliniki hakukanyaga. Uchungu ulipomshika, akakimbilia zahanati.

“Nesi, nichome ile chanjo ya pepopunda, nakuomba dada yangu!”

“Nitakuchoma, lakini inataka wiki kadhaa kumkinga mtoto. Miezi yote ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa namficha.”

“Hata sisi umetuficha?” Nesi Odilia akavaa glovu. “Haya. Kitovu nitakikata kwa wembe mpya, na mtu asikipake kitu chochote.”

Mwantumu akasukuma, huku moyoni akimsihi mtoto abaki ndani, hata wiki mbili tu.