Vidole vya Baba Elieth

Nani kasema Mama Elieth haogopi kitu? Hawakumwona asubuhi ile mvua ya kwanza ilipokatika hapa kwetu Ntalikwa, kasimama mbele ya pawatila lake na madumu mawili ya oili, jasho linamtoka. Mimi jirani yake nilikuwepo, maana shamba langu ndilo lilikuwa la kwanza kulimwa.

Misimu kumi na mitatu amewalimia watu na katrekta kale, huku mumewe Sylvester akikahudumia. Kutia oili hakumwachia mtu, hata mkewe. Alikuwa akiifikicha vidoleni, anainusa, ndipo anamimina. Maringo alikuwa nayo yule mzee! Halafu mwezi wa nane kiharusi kikampiga, ulimi na mkono wa kulia vikaenda.

Dukani kwa Saidi kulikuwa na oili mbili, nzito na nyepesi. Saidi akasema wazi, “Mama, injini hiyo ya zamani, sijui imezoea ipi. Ukikosea inanoki, na spea zake siku hizi hazipo.” Mama Elieth akachukua zote mbili, akarudi roho juu.

“Ikifa hii injini, huyu mgonjwa nitamlisha nini?” aliniuliza.

“Si umuulize mwenyewe? Masikio anayo.”

Heri ningenyamaza. Akamfuata kitandani, akamdondoshea ile nzito kwenye vidole vya kushoto. Sylvester akaifikicha, akainusa, akakubali kwa kichwa. Mama Elieth akashusha pumzi, akacheka kidogo. Mimi na kiherehere changu nikasema ajaribu na nyepesi, tuwe na hakika. Akaifikicha, akainusa. Akakubali vilevile.

Tukatazamana. Mama Elieth akaenda jikoni, akarudi na kijiko cha mafuta ya alizeti. Jamani, nilitaka kumshika mkono! Akamdondoshea. Mzee akayafikicha polepole, kifundi kabisa, akayanusa, akakubali kwa kichwa mara mbili.

“Asante, Baba Elieth,” akamwambia, akimfuta vidole kimoja kimoja. “Bila wewe ningekosea.”

Nje akaniambia nishike faneli. Akafungua ile nzito, akamimina, wala hakuniuliza kitu. Injini ikawaka. Shamba langu lililimwa lote siku hiyo, na muda wote alikuwa akilia kwa sauti nyuma ya injini, akidhani hatumsikii.