Nilivyofundisha Kamari Siku ya Posa

Nawaambieni mwenyewe, kwa sababu Ami Seif ameshaanza kuisimulia kila anapokaribishwa, na bora aibu muisikie kwangu: siku tuliyokwenda Azaiba kumposa Salma, mimi mposaji niliwafundisha wakwe zangu kamari.

Kwenye posa wanaosema ni wazee, na msemaji wetu alikuwa Ami. Kijana kazi yake ni kuinamisha kichwa na kunywa kahawa. Nilikuwa nimeshayafanyia mazoezi mbele ya kioo (ndiyo, hata kuinamisha kichwa). Lakini Nasir, kaka yake Salma, akaniuliza, "Eti unajisomesha Kijapani? Yakuza maana yake nini?" Ningejibu "majambazi" yangekwisha. Nikasema asili yake ni nambari za karata, ya ni nane, ku ni tisa, za ni tatu, na kwa vile siwezi kuacha jambo nusu nikazipanga kokwa za tende juu ya sinia, mafungu matatu, nikaeleza kwamba katika mchezo ule inahesabiwa tarakimu ya mwisho ya jumla, anayekaribia tisa ndiye mshindi, na hizi zinafika ishirini, yaani sifuri, umeliwa, ndipo wakaitwa hivyo watu wasiofaa kitu.

Mzee Khalfan, baba yake Salma, akaweka kikombe chini.

"Na wewe huucheza?"

"Hapana, baba. Nimesoma tu."

"Wallahi huyu hajui hata kushika karata," Ami akadakia, nami (Mungu anisamehe) nikamkatiza, maana kuna jambo nilikuwa nimelisahau: "Karata ya tatu unaiomba mwenyewe, baba. Mwenye nane na tisa ana saba tayari, akiomba tena ni mjinga."

Ami akanifinya paja. Nikaona Salma ananitoka hivi hivi, kwa sababu ya kokwa za tende.

Mzee Khalfan akalitazama sinia, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Seif, mimi wacheza kamari nnawajua, nimekua nao mtaa mmoja. Hakuna hata mmoja aliyepata kumsomesha mkwewe. Huyu wako hawezi kuficha kitu, hata akifinywa. Haya, semeni mlilojia."

Nikashusha pumzi mpaka machozi yakanilengalenga. Ami akasema, tukakubaliwa.

Tangu siku hiyo nimeapa, ukweni nikiulizwa neno, jibu ni neno moja. Juzi Nasir kaniuliza samurai ni nini. "Askari," nikasema, nikaondoka haraka kwenda kunawa mikono, maana maelezo yalikuwa yameshanifika kooni.