Kiti cha Tatu Ufukweni

Mwezi wa tatu mwaka 2014 dada yangu Godelive alifariki Louisville, nikabaki bila mtu wa tumbo moja nami. Haya ninayoandika yalinitokea mwenyewe. Sikuhadithiwa, sikuota, na sikuwa nimelewa. Usipoamini sitakulaumu, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania. Amerika ilipotupokea, dada na mumewe Dismas walipelekwa Louisville, mimi nikaletwa huku Buffalo kwenye theluji. Dada alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, na alikuwa na hamu moja tu: kwenda Kosta Rika, upande wa bahari ya Pasifiki, kwenye ile miji midogo ya ufukweni inayofuatana kuelekea kusini. Picha za miji hiyo alizibandika kwa mpangilio kwenye mlango wa friji. Kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia simu, tunapanga. Tuanzie mji wa kaskazini ambako kasa hutaga mayai, tushuke kwa basi, tupumzike kwenye mji wa minazi, tumalizie kule mwisho ambako msitu unagusa maji. Tungekwenda watatu: yeye, Dismas na mimi.

“Kule hakuna atakayetuuliza tumetoka kambi gani,” aliniambia.

Alinunua gauni la bluu na kofia ya ukili yenye ukingo mpana, akavitundika chumbani. Hakuwahi kuvivaa.

Jioni moja kifua kilimbana. Akamwambia mumewe, na mumewe, macho kwenye mpira wa televisheni, akamjibu kwamba anajidai mgonjwa ili akimbie kazi. Dada akaenda kazini. Akiwa njiani alinipigia, akasema, “Dismas anasema ninajidai.” Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alianguka kati ya maboksi na hakuinuka. Maneno yale sikumwambia mtu yeyote, hata mchungaji.

Sasa, kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Unakaa karibu mwaka mzima, kisha familia mbili zinakutana kuuondoa. Tunaita kuganduka. Mume aliyefiwa na ndugu wa marehemu wananyonya pombe ya mtama kutoka chombo kimoja, kila mmoja na mrija wake, na hapo mume anaachiliwa. Anaweza kuoa, kucheza ngoma, kusafiri kwa raha. Ndugu wa marehemu asipokunywa, hakuna kilichoondolewa.

Mwaka ulikuwa bado haujatimia Dismas aliponipigia simu akitaka tuganduke upesi. Haraka ya nini? Kumbe alishakata tiketi za ndege. Za wapi? Za Kosta Rika. Miji ile ile, kwa mpangilio ule ule wa kwenye friji, na mwanamke wa Columbus aitwaye Joselyne, muuzaji wa duka la vyakula vya Kiafrika pale Morse Road. Nikamuuliza kofia ya dada iko wapi. Akacheka kidogo.

“Shemeji, kofia ni ya kuvaliwa. Wewe njoo unywe tu, usiniletee machozi.”

Nikampigia mjomba wetu, naye anaishi Columbus, nikitumaini atamkemea. Mjomba akaniambia mwaka wa Amerika ni mfupi, nisiwe na moyo mgumu.

Nikapanda basi hapa Buffalo kwenda Louisville. Nitakuwa mkweli kwako: sikuwa nakwenda kumwachilia. Njia nzima nilisali, na sala yenyewe haikuwa nzuri.

Tulifika Columbus jioni, giza la Januari limeshaingia. Akapanda mwanamke mwenye gauni la bluu na kofia ya ukili. Hakuwa na koti, na nje kulikuwa na barafu. Akaja moja kwa moja akaketi kando yangu. Unadhani niliogopa? Nilishikwa na hasira. Nilijua ni Joselyne, anakwenda Louisville kuketi kwenye msiba wa dada yangu akiwa amevaa nguo za dada yangu. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kuivua ile kofia.

“Hiyo kofia si yako,” nikamwambia.

“Ni ya nani basi, mdogo wangu?”

Mkono ulishuka wenyewe. Ndipo nikaona miguu yake. Ilikuwa mitupu, na mchanga mbichi umeshikamana hadi kwenye vifundo. Alinuka chumvi na majani ya majini. Uso ulikuwa chini ya ukingo wa kofia, nami sikuinama kuutazama. Wewe ungeinama?

“Dismas anasema ninajidai,” akasema, taratibu, kama mtu anayesoma.

Niamini, nililia bila sauti. Mwishowe taa za mji wa Cincinnati zikaanza kuonekana. Hapo akanisogelea sikioni. “Chukua mrija. Nyonya. Usimeze.”

Basi likasimama, watu wakashuka kunyoosha miguu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu na kimelowa. Mchanga nikaukusanya kwenye leso. Ninao hadi leo.

Nyumbani kwa Dismas watu walikuwa wamejaa. Mtungi hatuna huku, kwa hiyo pombe iliwekwa kwenye ndoo ya plastiki iliyozungushiwa kitenge. Joselyne alikuwa jikoni akipanga sahani, mwanamke mfupi, hafanani kabisa na yule wa kwenye basi. Kofia ilitundikwa karibu na mlango. Nikaigusa ukingo nikipita. Ilikuwa mbichi.

Mjomba akasema maneno ya kuondoa msiba. Dismas akanyonya, nami nikanyonya, nikaweka mdomoni. Wakapiga makofi. Nikaenda chooni nikatema. Niliporudi Dismas alinikumbatia, akasema, “Asante, shemeji, umenifungua.” Wiki chache baadaye wakasafiri.

Yaliyobaki nilisimuliwa na Joselyne mwenyewe kwa simu, na sidhani alinidanganya, maana alikuwa akilia. Katika mji wa kasa, mhudumu wa mgahawa alileta sahani tatu. Wakamwambia wao ni wawili. Akakitazama kiti cha tatu, akakiomba radhi, akamimina maji kwenye glasi iliyokuwa mbele yake. Katika mji wa minazi ikawa vivyo hivyo, na kofia ambayo Joselyne aliiacha kavu juu ya kabati aliikuta asubuhi imelowa, ipo kwenye mto wa Dismas. Akakimbia kurudi Columbus peke yake. Dismas hakurudi naye. Alimwambia Joselyne baadaye kwamba miguu ilimpeleka tu, mji baada ya mji, kwa mpangilio wa dada, hadi kule mwisho ambako msitu unagusa maji. Kila alipoketi kula, kiti cha pili kilivutwa, na cha tatu pia.

Tangu Dismas arudi, kifua kinambana kila jioni. Madaktari hawaoni kitu. Mimi nami sikutoka bure: maharage yangu siyatii chumvi, na bado yana chumvi. Msiba wangu haujaondolewa, nalijua hilo. Lakini sijutii.

Wewe unayesoma, safari aliyoipanga marehemu usiifanye na mtu mwingine. Na siku ya kuganduka, mtazame koo yule anayenyonya pamoja nawe.

Majira ya baridi yaliyofuata Dismas alibisha mlango wangu hapa Buffalo. Alikuwa amekonda. Alishika ndoo ndogo na mirija miwili, na viatu vyake vilikuwa vimeacha mchanga juu ya theluji, kutoka barabarani hadi mlangoni.

“Shemeji, kunywa, nakuomba. Kifua kinanibana.”

“Labda unajidai,” nikamwambia.

Akapiga magoti. Nikainama, nikashika mrija, nikanyonya, naye akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Nikamtazama machoni mpaka akanyamaza. Kisha nikatema kwenye theluji, kando ya viatu vyake, nikaingia ndani nikafunga mlango.